Kusimamisha klasta ya Kubernetes: mambo ya kujua mbele ya kutia sahihi



Vijana wetu waliosoma informatiki wameanza kuletea kamati za makanisa na za shule miradi yenye neno moja gumu ndani: Kubernetes. Mara nyingi mradi wenyewe ni mzuri. Wanataka majina ya wanafunzi, pointi zao na minerval viandikwe katika programu moja inayofunguka hata kwa simu, ili kitabu cha shule kikichomwa, ao kikibaki nyuma watu wanapokimbia, mtoto asipoteze miaka yake ya masomo. Kila prefe hapa mashariki anaijua shida hiyo. Mtoto anafika kutoka mbali bila buletini, mzazi anasema alikuwa wa nne primeri, na hakuna mtu wa kuhakikisha. Kwenye ukurasa wa mwisho wa mradi kuna hesabu ya dola za kila mwezi, na wazee wanaombwa kutia sahihi. Wengine wanakubali kwa sababu neno ni kubwa. Wengine wanakataa kwa sababu hiyo hiyo. Ninaandika kwa pande zote mbili: kijana atakayeandika amri kwenye ordinateri, na mzee atakayetoa pesa.

Jina na maana yake

Aliyepita shule ya theolojia amekwisha kukutana na jina hili. Kubernetes ni neno la Kigiriki, na maana yake ni mtu anayeshika usukani wa merikebu, yaani nahodha. Liko katika Matendo 27:11, pale akida anapowasikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Liko tena katika Ufunuo 18:17. Kwa njia ya Kilatini na Kifaransa limetuletea hata neno tunalomwitia mkubwa wa jimbo, guverneri. Angalieni kwamba Luka anataja watu wawili tofauti, nahodha na mwenye merikebu. Tofauti hiyo itatusaidia tutakapofika kwenye pesa.

Google ilitangaza programu hii mwaka 2014. Toleo la 1.0 lilitoka mwezi wa saba 2015, na wakati huo ikakabidhiwa kwa Cloud Native Computing Foundation. Kwa hiyo si mali ya kampuni moja: mtu yeyote anaweza kuichukua bure na kuitumia. Alama yake ni usukani wenye mikono saba. Vijana wanaandika K8s kwa kufupisha, kwa maana kati ya K na s kuna herufi 8.

Nahodha huyu anaongoza nini? Konteneri. Sisi tunazijua zile za chuma zinazotoka Mombasa na Dar es Salaam juu ya malori mpaka kwetu. Uzuri wake ni kwamba dereva hana haja ya kujua kama ndani kuna mchele ao vitabu. Vipimo vya nje vinajulikana, basi lori lolote linaweza kuibeba. Programu pia inafungwa hivyo. Kijana anachukua programu yake pamoja na kila kitu inachohitaji ili ifanye kazi, anafunga vyote katika furushi moja linaloitwa imeji. Imeji ikiwashwa, ndiyo konteneri. Namna hii ya kufunga ilienezwa sana na Docker kuanzia mwaka 2013, na ilimaliza ugomvi wa zamani wa programu inayokubali kwenye ordinateri ya fundi na kukataa kwenye ile ya ofisi.

Ukiwa na konteneri moja kwenye mashini moja, huhitaji nahodha. Shida inaanza konteneri zikiwa ishirini kwenye mashini tano, na moja ya mashini inakufa saa nane ya usiku. Nani ataamka aone konteneri zipi zilikuwa juu yake na kuziwasha mahali pengine? Hiyo ndiyo kazi ya Kubernetes.

Klasta inavyofanya kazi

Klasta ni mashini kadhaa zilizounganishwa ili zifanye kazi kama moja. Upande mmoja kuna uongozi, upande wa pili kuna mashini za kazi zinazoitwa nodi. Katika uongozi kuna kitabu kinachohifadhi hali yote ya klasta, kinaitwa etcd. Kuna mlango ambao amri zote zinapitia. Kuna mpangaji anayechagua nodi ya kupokea kazi mpya. Na kuna wasimamizi wanaoangalia bila kuchoka. Kwenye kila nodi kuna mtumishi mmoja mdogo, kubelet, anayepokea maagizo na kuwasha konteneri. Kubernetes haiwashi konteneri peke yake. Inaiweka kwanza ndani ya kifuko kinachoitwa podi, na mara nyingi podi moja ina konteneri moja.

Jambo la kushika ni hili: huambii Kubernetes hatua za kufuata. Unaiandikia hali unayotaka. Katika faili ndogo unaandika kwamba unataka nakala 3 za programu ya shule, kila moja ipewe kumbukumbu kiasi fulani. Kutoka hapo wasimamizi wanalinganisha yaliyoandikwa na yaliyopo. Zikiwa 2, wanaongeza moja. Zikiwa 4, wanaondoa moja. Wewe unaweza kuwa njiani, bila mtandao, na kulinganisha huko kunaendelea.

Lakini tusiseme zaidi ya ukweli. Konteneri ikianguka peke yake, inawashwa tena baada ya sekunde chache. Nodi nzima ikikatika, kwa kawaida Kubernetes inangoja karibu dakika 5 mbele ya kuhamisha podi zake, kwa maana pengine mashini imepotea kidogo tu kwenye mtandao na itarudi. Kama nakala zote 3 zilikuwa juu ya nodi hiyo moja, watu watapata ukurasa mtupu kwa dakika hizo. Ndiyo sababu fundi mzuri anaagiza nakala zigawanywe kwenye nodi tofauti. Muulizeni kama amefanya hivyo.

Faida nyingine inaonekana siku ya matokeo ya Examen d'État. Mwaka mzima programu inafunguliwa na watu wachache. Siku hiyo familia zote zinaingia saa moja. Kubernetes inaweza kuongeza nakala kazi inapozidi na kuzipunguza inapotulia, mradi uwe umeiandikia kiasi cha chini na cha juu. Andikeni kiasi cha juu! Bila kikomo, programu yenye kosa, ao mtu mbaya anayeipiga kwa maombi mengi, anaweza kuongeza mashini ambazo ninyi ndio mtazilipia.

Kuisimamisha katika wingu

Wingu si kitu cha hewani. Ni mashini za kampuni katika majengo yenye umeme wa hakika, ambazo unakodisha kwa saa. Karibu na sisi, Amazon ilifungua majengo yake Cape Town mwaka 2020, Microsoft iko Johannesburg tangu 2019, na Google ilifungua Johannesburg mwaka 2024. Kampuni zote tatu zinatoa Kubernetes ambayo upande wake wa uongozi unatunzwa na kampuni yenyewe, na wewe unaleta kazi tu. Nitachukua ile ya Google, GKE, kama mfano. Kwa zingine njia inafanana.

Unafungua akaunti, unaunda mradi, unaufungamanisha na kadi ya benki. Mtu mpya anapewa dola 300 za kujaribu kwa siku 90. Mbele ya kugusa kitu kingine chochote, weka bajeti na tahadhari zake, ili barua pepe ikufikie matumizi yakifika asilimia 50, 90 na 100. Lakini elewa vizuri: tahadhari inakuambia tu, haizuii. Mashini zitaendelea kula pesa hata baada ya 100.

Kisha unahitaji mahali pa kuandikia amri. Unaweza kuweka programu za gcloud na kubectl kwenye ordinateri yako, lakini kwa sisi wanaonunua mega ninashauri Cloud Shell, dirisha linalofunguka ndani ya kivinjari. Lile dirisha ni mashini ndogo iliyo kwa Google yenyewe, ina nafasi ya giga 5 za kuhifadhi, na programu hizo mbili ziko tayari ndani. Faida yake kwetu ni kubwa. Imeji ya programu inaweza kuwa na uzito wa mega 400 ao zaidi. Ukiijenga nyumbani na kuipeleka kila unaporekebisha neno moja, pesa ya mtandao itakwisha mbele ya programu kufanya kazi. Ukiijenga ndani ya Cloud Shell, uzito huo unasafiri kati ya mashini za Google, na kwako yanapita maandishi tu.

Amri ya kwanza inafungua huduma katika mradi wako:

gcloud services enable container.googleapis.com

Ya pili inaunda klasta. Kuna namna mbili. Katika ile inayoitwa Autopilot, Google inatunza hata nodi, na unalipa kufuatana na kiasi ambacho podi zako zimeomba. Kwa anayeanza, mimi ningechagua hiyo:

gcloud container clusters create-auto shule --region africa-south1

Hilo africa-south1 ni Johannesburg. Msiamini kwamba karibu kwenye ramani ni karibu kwenye mtandao, maana nyaya zina njia zao. Pimeni kutoka Bukavu, Butembo ao Bunia mwone ni wapi panajibu haraka, na mlinganishe bei, kwa sababu bei ya mashini ile ile inatofautiana kati ya mahali na mahali.

Namna ya pili ni ile ya kawaida, ambapo unachagua nodi mwenyewe. Hapa kuna mtego ambao ningependa kila mzee wa kamati aujue. Ukiunda klasta ya eneo zima, yaani yenye majengo matatu, idadi ya nodi unayoandika ni kwa kila jengo. Usipoandika kitu, GKE inaweka 3. Tatu mara tatu ni mashini 9! Kule Iowa, Marekani, mashini ya e2-medium, ambayo GKE huiweka isipoambiwa nyingine, inafika karibu dola 25 kwa mwezi. Nodi 2 ni kama dola 50. Nodi 9 ni zaidi ya 220, na kijana hakuandika kosa lolote. Alisahau neno moja tu. Kwa kazi ndogo ataje jengo moja na idadi:

gcloud container clusters create shule --zone africa-south1-a --num-nodes 2

Dakika chache zinapita. Kisha unachukua ruhusa ya kuingia katika klasta, unapeleka faili yako, na unaangalia podi:

gcloud container clusters get-credentials shule --region africa-south1
kubectl apply -f shule.yaml
kubectl get pods

Katika klasta ya jengo moja, amri ya ruhusa inataja zone badala ya region. Podi zikiandikwa Running, zimesimama. Ukiona ImagePullBackOff, imeji haikupatikana. Angalia jina lake ao ruhusa ya kuisoma. Ukiona Pending, hakuna nodi yenye nafasi ya kuipokea. Makosa mengi ya siku za kwanza ni hayo mawili, na amri ya kubectl describe pod, ikifuatwa na jina la podi, itakueleza sababu kwenye mistari yake ya mwisho.

Mpaka hapo programu inaishi lakini hakuna mtu wa nje anayeweza kuifikia. Inahitaji mlango, na mlango rahisi ni ule wa aina ya LoadBalancer, unaokupa anwani ya intaneti. Mlango huo pia unalipiwa, kama dola 18 kwa mwezi. Vijana wenye programu tano wanaofungua milango mitano wangeweza kutumia mmoja unaogawa watu ndani, unaoitwa Ingress.

Mwenye merikebu

Tufike kwenye pesa, wapendwa, maana ndiyo inayoangusha miradi hii kuliko makosa ya amri. Kwa uongozi wa klasta, Google inadai senti 10 za dola kwa saa, na Amazon vilevile. Kwa mwezi wa siku 31 ni dola 74 na senti 40. Google inarudisha kiasi hicho hicho kila mwezi kwa kila akaunti ya malipo, basi klasta moja ya jengo moja, ao moja ya Autopilot, hailipi uongozi. Mashini, disk, mlango na data inayotoka vinabaki juu yenu. Hizo ni bei nilizozijua wakati wa kuandika. Mwombeni kijana alete hesabu ya siku hiyo, iliyofanywa kwenye ukurasa wa bei wa kampuni yenyewe.

Nahodha anaweza kuwasha podi mara elfu. Fakture hawezi kuilipa. Kadi ikikataa, kampuni inatuma barua, kisha inasimamisha akaunti. Huduma zinazimika, na ikiendelea hivyo, mnaweza kupoteza vilivyomo bila kurudishiwa. Sisi tumeona namna benki zilivyofungwa Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025. Mtu mwenye pesa katika akaunti hakuweza kuigusa. Mradi unaotegemea kadi moja ya benki moja ya mji mmoja hauna msingi, hata kama mafundi wake ni hodari. Google inaruhusu kuweka njia ya pili ya kulipa. Iwe kadi ya ofisi iliyo mji mwingine ao ya wenzi walio nje ya nchi. Na akaunti iandikwe kwa barua pepe ya shule ao ya kanisa, yenye wasimamizi wawili wanaojulikana, isiwe ya kijana mmoja atakayeoa na kuhamia Kampala.

Ukitaka kuondoa klasta, usidhani amri ya kuifuta inamaliza deni. Disk zilizohifadhi data zinaweza kubaki na kuendelea kulipiwa. Ingia uangalie moja moja.

Data na funguo

Podi ni kitu cha kupita. Ikifa, yote yaliyoandikwa ndani yake yanakwenda nayo, na ile mpya inaanza tupu. Kwa hiyo pointi za wanafunzi hazikai ndani ya podi. Zinakaa kwenye disk ya kudumu iliyofungwa nayo, ao, jambo ninalopendelea, katika hifadhidata iliyo nje ya klasta. Hata hivyo disk ya kudumu si nakala ya akiba. Mtu akifuta darasa zima kwa kosa, Kubernetes italinda ufutaji huo kwa uaminifu wote! Nakala ya kila usiku iende mahali pengine, na mara moja kwa mwezi nakala moja ishuke kwenye disk ya mkononi, ifungwe kwa neno la siri, iwekwe kabatini.

Kuna pia kosa moja la kawaida juu ya maneno ya siri. Kubernetes ina mahali pa kuyaweka panapoitwa Secret, na wengi wanaona herufi zisizosomeka ndani yake wanafikiri zimefichwa. Zimeandikwa tu kwa mfumo wa base64, ambao mtu yeyote anaweza kuugeuza kwa sekunde moja. Ulinzi wa kweli ni kuamua nani ana ruhusa ya kuzisoma, na faili hizo zisipelekwe kamwe pale programu inapohifadhiwa wazi kwa wote. Akaunti ya wingu iwe na uthibitisho wa hatua mbili, na namba za dharura ziandikwe kwenye karatasi, maana simu zinaibiwa na kadi za simu zinapotea.

Hili silisemi kama fundi tu. Orodha ya watoto yenye majina ya wazazi, namba za simu na kartye wanamolala si karatasi ya kawaida katika nchi yenye vita. Programu ya pointi haihitaji kujua kabila la mtoto, wala kijiji alichokimbia, wala kazi ya baba yake. Kisichoandikwa hakiwezi kuibiwa. Fomu ya mradi ikiwa na mistari hiyo, ifuteni mbele ya kuzungumza juu ya klasta.

Je, tunaihitaji?

Kwa shule moja ao tatu, hapana. Mashini moja ya kukodisha, yenye nakala nzuri ya akiba, inatosha, na kijana mmoja anaweza kuifahamu yote. Kubernetes inaanza kustahili kazi yake programu zikiwa nyingi, shule zikiwa kwa mamia, na mafundi wakiwa angalau wawili wanaoweza kushika zamu. Nadhani miradi mingi niliyoonyeshwa ilipaswa kuanza na mashini moja, imeji ikiwa imefungwa vizuri. Siku ya kuhamia klasta, imeji ile ile itasafiri bila kubadilishwa.

Anayetaka kujifunza asingoje kadi ya benki. Programu ya minikube inasimamisha klasta ndogo ndani ya ordinateri yake, bure, na amri za kubectl ni zile zile. Ipo pia k3s, Kubernetes iliyopunguzwa uzito, inayokubali kwenye mashini ndogo ya ofisi inayotumia sola. Mafundisho rasmi yako kwenye kubernetes.io, na sehemu yake imetafsiriwa kwa Kifaransa.

Kamati inayotaka kuona kwa macho mbele ya kutia sahihi imwombe fundi mambo mawili, wote wakiwa wamekaa. Kwanza afute podi moja kwa kubectl delete pod, wahesabu sekunde mpaka nyingine isimame. Pili achukue nakala ya akiba ya jana usiku, aifungue kwenye ordinateri nyingine kabisa, na aonyeshe pointi za mwanafunzi mmoja watakayemtaja wao. La kwanza litafanikiwa karibu kila mara. Mtieni sahihi baada ya la pili.